Aya kumi na mbili za Marko: kisa cha mchungaji aliyerudi darasani

Kisa hiki kimetoka kwenye faili la mwanafunzi niliyekuwa mshauri wake wa masomo katika idara ya theolojia ya chuo kikuu kimoja hapa Mombasa. Mwenyewe ameisoma rasimu na kuniruhusu niitoe. Jina lake na la kanisa lake nimeyaondoa, na mambo machache ya pembeni nimeyageuza ili asijulikane. Hapa nitamwita Mchungaji K. Nawaandikia wahadhiri wenzangu, na wachungaji wanaofikiria kurudi darasani wakiwa watu wazima. Makosa mengi yaliyomo humu ni ya idara, na mawili makubwa ni yangu.

Usuli

K. alianza shahada akiwa na miaka 38, tayari amehubiri kwa miaka 14. Kanisa lake ni la Kipentekoste, ng'ambo ya kivuko cha Likoni: mabati, viti vya plastiki, na spika mbili ndefu kuliko mimbari. Siku za wiki aliuza vipuri vya bodaboda. Kidato cha nne alipata C, na anayetaka kuingia shahada moja kwa moja hutakiwa awe na C+, kwa hiyo alitangulia kusoma stashahada kwa miaka miwili. Alikuwa pia na cheti cha chuo cha Biblia alichokisotea wikendi kwa miaka mitatu. Cheti hicho hakikumpunguzia hata somo moja, kwa sababu chuo chenyewe hakikuwa na ithibati. Aliyapokea hayo kimya, lakini kila tulipokutana alikuwa na bahasha ya cheti hicho mkononi.

Kwenye mahojiano tulimuuliza kwa nini anataka shahada, akatoa sababu mbili. Ya kwanza tuliiandika. Mwaka 2016 serikali ilitoa rasimu ya kanuni zilizotaka viongozi wa dini wawe wamesomea theolojia. Rasimu iliondolewa baada ya makanisa na misikiti kulalamika, lakini askofu wake aliona hali ya hewa inakogeukia, akamchagua K. awe wa kwanza kusoma. Kanisa mama lingelipa nusu ya karo.

Sababu ya pili aliisema akitabasamu, nasi tukatabasamu naye, kisha hatukuiandika popote. Alitaka kujua Kiyunani, yaani Kigiriki cha Agano Jipya, ili asiaibike uwanjani.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa uwanja gani. Kwa aliye mbali: ni mihadhara, mijadala ya hadharani kati ya Waislamu na Wakristo. Hufanyika jioni, kwa vipaza sauti, mbele ya umati uliosimama, kila upande na vitabu vyake mezani. Hoja inayorudi kila mara upande wa Waislamu ni kwamba Biblia imebadilishwa. K. alikuwa mmoja wa watu wa kutegemewa upande wa Wakristo, na jibu lake lilikuwa moja kwa miaka yote: hakuna nukta iliyoongezwa wala kuondolewa.

Mwaka wa kwanza

Madarasa yetu ya jioni huanza saa kumi na moja unusu na kwisha saa mbili unusu usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. K. alifunga duka saa tisa unusu, akavuka kwa feri, akapanda matatu, na mara nyingi aliingia mhadhiri akiwa ameshaanza. Feri yenyewe haichukui hata robo saa kuvuka. Kinachokula muda ni kuisubiri.

Insha yake ya kwanza ilihusu mfano wa Msamaria Mwema: aeleze wasikilizaji wa kwanza wangeuelewaje. Aliandika kurasa saba zenye vichwa vinne, vyote vikianza na herufi M, na mwisho akamwita msomaji atubu. Mhadhiri aliandika kwa kalamu nyekundu, "Haya ni mahubiri," akampa 38. K. aliniambia baadaye kwamba alisoma maneno yale kwanza akafurahi sana. Miaka 14 alikuwa akiomba mtu amwambie hivyo. Alama aliiona alipogeuza ukurasa.

Hakuna aliyemweleza tofauti. Insha ya pili ilirudi hivyo hivyo, vichwa vitatu, herufi U.

Kigiriki kilikuwa kibaya zaidi: jaribio la kwanza alipata 11 kati ya 30. Halafu siku moja darasani akasema kwamba neno *dunamis*, nguvu, ndilo baruti, kwa maana dynamite imetoka humo, hivyo Paulo aliposema nguvu ya Mungu alimaanisha mlipuko. Mahubiri hayo yamesikika katika nusu ya makanisa ya nchi hii. Mwalimu alimjibu kwamba Nobel, aliyeivumbua dynamite, aliipa jina hilo mwaka 1867, na Paulo hakuwahi kuiona. Jibu lilikuwa sahihi, darasa likacheka. K. hakuuliza swali tena hadi semista ikaisha.

Alikuja kwangu. Nilitazama alama, nikatazama ratiba yake, nikamshauri aahirishe Kigiriki hadi mwaka wa tatu, "ukipata nafasi ya kupumua." Niliona mtu aliyechoka, nikampunguzia mzigo. Sikumuuliza ni somo gani lilimleta chuoni. Lingekuwa jibu la sentensi moja.

Jumatano ya Marko

Mwaka wa pili kuna somo la utangulizi wa Agano Jipya. Lilifundishwa na mhadhiri kijana kutoka bara, hodari, aliyekuwa na miezi minne tu Mombasa. Jumatano moja, zikiwa zimebaki dakika kama 40, alifika kwenye uchunguzi wa nakala za kale. Akaonyesha ukutani picha ya ukurasa wa Codex Sinaiticus, nakala ya Biblia ya karne ya nne, pale Injili ya Marko inapoishia. Inaishia sura ya 16, aya ya 8. Wanawake wanakimbia kutoka kaburini, hawamwambii mtu neno, kwa kuwa waliogopa. Chini yake kuna nafasi tupu, kisha Luka anaanza. Codex Vaticanus, ya karne hiyo hiyo, nayo inaishia hapo. Akamalizia kwa sentensi ambayo wanafunzi watatu waliinukuu kwangu kwa maneno yale yale: "Kwa hiyo aya ya 9 hadi ya 20 Marko hakuziandika. Tuonane wiki ijayo."

Tuzitazame aya hizo alivyozitazama K. Ndani yake mna agizo la kwenda ulimwenguni mwote kuhubiri, na ishara zitakazofuatana na waaminio: kutoa pepo, kusema kwa lugha mpya, kushika nyoka, kuweka mikono juu ya wagonjwa wapate afya. Aya ya 17 ilikuwa imeandikwa kwa rangi ya buluu juu ya mlango wa kanisa lake. Na mtu aliyemwambia kwamba Marko hakuiandika hakuwa mpinzani wake wa uwanjani. Alikuwa mwalimu wake, Mkristo mwenzake, aliyelipwa kwa karo ya kanisa lake.

Alivuka feri usiku ule bila kusema na mtu. Wiki tatu hakuonekana chuoni. Mfumo wetu ulimwandikia ujumbe kwenye simu kwamba mahudhurio yake yameshuka chini ya kiwango. Mimi sikumpigia.

Uwanjani

Katika wiki hizo palikuwa na mhadhara, na K. hakupata njia ya kukataa. Usiku wa pili, ustadhi wa upande wa pili, mtu waliyejuana miaka, alifungua Biblia ya Kiswahili, akasoma mwisho wa Marko, akauliza swali alilokuwa ameliuliza mara nyingi: "Pasta, aya hizi zilikuwamo tangu mwanzo, au ziliongezwa?"

K. alinieleza kwamba alishika kipaza sauti na jibu la siku zote likamfika kooni. Akasema: "Nakala mbili za zamani kuliko zote hazina aya hizi. Hilo ni kweli. Mengine sijayajua bado, ninasoma."

Umati wa upande mmoja ulipiga takbiri. Upande wake ulinyamaza, kisha mzee mmoja wa kanisa akaja jukwaani akakichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake. Asubuhi yake, ustadhi alipita dukani kununua waya wa klachi ambao, kwa maelezo ya K., hakuuhitaji kabisa. Alisimama pale nusu saa wakazungumza bei ya petroli.

Jumapili ile K. hakuhubiri. Jumanne aliitwa na askofu.

Maamuzi

Tulipopata habari, idara ilikutana, watu watano kuzunguka meza yenye chai iliyopoa. Mkuu wa idara alitaka K. aahirishe mwaka mzima hadi mambo ya kanisani yatulie. Mwenzetu mmoja alitaka ahamishiwe shahada ya elimu, asome somo la dini la kufundisha shuleni, kwa sababu "huku kwa nakala atazidi kuumia." Yule mhadhiri kijana, aliyekuwa amekonda kwa wiki moja, alitaka aende yeye mwenyewe kanisani kueleza. Hilo tulilikataa kwa pamoja, na nadhani tulifanya vyema. Umati ungemla.

Mimi nilipinga kuahirisha. Hoja yangu ilikuwa kwamba K. amekwama katikati ya somo. Akisimama hapo, atabaki na nusu ya elimu ile iliyomwumiza. Nusu ya pili ndiyo yenye nafuu. Walikubali, kwa sharti kwamba mimi nibebe jukumu.

Nilianza kwa barua, kosa langu la pili. Nilimwandikia askofu kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, aya sita za heshima kuhusu "mbinu za kitaaluma." Hakujibu. Wiki mbili baadaye nilikwenda na K. mwenyewe. Tulipokewa vizuri, tukaletewa chai ya tangawizi na viazi karai, tukaomba. Kisha askofu akaniuliza:

"Mwalimu, mlimwambia mwanangu kwamba Marko kumi na sita si Neno la Mungu?"

"La, baba askofu. Tulimwambia nakala mbili za kale zaidi zinaishia aya ya nane. Lakini aya zile zilizobaki nazo ni za kale mno. Askofu Irenaeus wa Lyon alinukuu aya ya 19 yapata mwaka 180, miaka zaidi ya 100 kabla ya nakala hizo mbili kuandikwa. Na nakala za Kigiriki zilizo nazo ni nyingi kupita kiasi zile zisizo nazo. Kanisa limezisoma tangu karne ya pili."

Aliweka kikombe chini. "Hilo la Irenaeus, mlimwambia siku ile?"

Sikuwa na la kusema. K. akajibu kwa niaba yangu, kwa upole: "Muda uliisha, baba."

Askofu si mtu mkali, na sitaki asomeke hivyo. Alisema hawezi kumrudisha K. madhabahuni wakati washirika wanaulizana kama mchungaji wao bado anaamini. Akimaliza masomo, watakaa waangalie. Na karo ya kanisa itasimama, kwa sababu wazee hawatakubali kulipia moto uliowaunguza. K. aliuliza kama anaruhusiwa kuendelea kwa fedha zake. Askofu alimwambia, "Elimu ni yako. Mimi nalinda kundi."

Usiku huo kwenye feri nilimwambia K. kwamba akitaka kuacha, nitaelewa. Alisema ameshalipa gharama kubwa kuliko karo, sasa anataka kuona alichonunua. Idara ya fedha ilikubali alipe kwa awamu tatu kila semista. Mashemeji walichanga, na duka likafungwa saa moja baadaye kuliko zamani, siku ambazo hakuwa na darasa.

Kigiriki kwa njia ya ngeli

Tulikubaliana jambo moja la kimasomo: arudi kwenye Kigiriki mara moja, si mwaka wa tatu. Aliingia na darasa la nyuma yake. Aliyemwokoa alikuwa mwanafunzi mwenzake, binti wa Kisauni wa miaka 21, aliyekuwa akimwita "baba" na kumsahihisha bila huruma. Walikaa kwenye kibanda cha mahamri nje ya lango, dakika 40 kabla ya kila kipindi. Kadi za maneno alizikata K. kutoka maboksi ya plagi za pikipiki.

Kitabu chetu cha Kigiriki ni cha Kiingereza, na kinamfundisha mtu anayedhaniwa ana Kiingereza cha kuzaliwa. Kinaeleza kwa kurasa nyingi kwamba kitenzi kimoja kinaweza kubeba ndani yake mtendaji na wakati, kana kwamba ni ajabu. Binti alikifunga akamwonyesha: *luo*, nafungua, *lueis*, wafungua, *luei*, afungua. Sisi tunamweka mtendaji kichwani mwa kitenzi, wao wanamweka mkiani. K. alicheka kwa sauti hadi muuza mahamri akageuka.

Kisha upatanisho. *Ho anthropos ho agathos*, mtu mwema. *Hoi anthropoi hoi agathoi*, watu wema. Mwingereza hulazimika kukariri kwamba kivumishi kipatane na nomino. Mswahili amezaliwa akisema kitu chema, vitu vyema, mti mwema, na akikosea mtoto wa miaka mitano humcheka. Tulikuwa na wanafunzi 22 wenye silaha hiyo mdomoni, tukawafundisha kana kwamba hawana.

Kilichobaki kigumu kilikuwa hali za nomino, kwa sababu hapo Kiswahili hakisaidii. *Ho doulos blepei ton kurion*: mtumwa amwona bwana. Geuza, *ton kurion blepei ho doulos*, na bado ni mtumwa anayemwona bwana. Kwetu ukigeuza mpangilio umegeuza habari. K. aliandika *ho* na *ton* kwa wino wa rangi mbili, mtendaji mwekundu, mtendwa kijani, miezi miwili, hadi akaacha kuhitaji rangi.

Mwezi wa tano alikuja ofisini bila miadi. Alikuwa amesoma mwenyewe Marko 16:8 kwa Kigiriki. Maneno mawili ya mwisho ni *ephobounto gar*. *Gar* ni kiunganishi cha sababu, "kwa maana," lakini Kigiriki hakikiweki mwanzoni mwa sentensi. Kikikaa na kitenzi kimoja tu, sentensi hukoma kwa *gar*. "Mwalimu," akasema, "ni kama mtu aseme 'waliogopa kwani' halafu aondoke chumbani." Alisimama mlangoni na kadi yake ya boksi. "Sasa naelewa kwa nini watu wa zamani waliona lazima kuna kilichobaki."

Matokeo

Kigiriki cha kwanza alikifaulu kwa sapu, mtihani wa marudio. Karatasi yake ilistahili 58, lakini kwa kanuni zetu alama ya sapu haivuki 40, na 40 ndiyo iliyo kwenye faili. Kigiriki cha pili alipata 61, mara ya kwanza. Insha zilibadilika tulipoanza kumwomba aandike karatasi mbili kwa swali moja: ya kwanza alichokisema mwandishi kwa watu wake, ya pili atakachowaambia washirika Jumapili, na mstari mmoja katikati unaoeleza alivukaje. Tasnifu yake ilihusu jinsi ya kujibu swali la nakala katika mijadala ya hadhara bila kusema uongo. Humo alionyesha, pamoja na mengine, kwamba kuwekea wagonjwa mikono hakusimami kwa Marko 16 peke yake: Paulo anafanya hivyo katika Matendo 28, sura ile ile anayoumwa na nyoka asidhurike, na Yakobo 5 inawaita wazee wa kanisa wamwombee mgonjwa. Alihitimu mwaka mmoja baada ya wenzake, daraja la pili, ngazi ya chini.

Madhabahuni hakurudishwa. Kanisa lake limepata mchungaji mwingine, na maandishi ya buluu bado yako juu ya mlango. K. anafundisha darasa la Biblia Jumamosi katika kanisa jingine kisiwani, watu wapatao 30. Mkewe hakuhama. Yeye ni kiongozi wa akina mama kule, na asingewaacha. Kwa hiyo Jumapili wanatoka nyumba moja, mmoja anaelekea feri, mwingine anapanda njia ya kanisani. Nilipomuuliza kuhusu hilo alibadilisha mazungumzo, nami nikamwachia.

Uchambuzi

Ningeanza na dakika 40 za Jumatano ile. Yule mhadhiri hakusema uongo, na mwenyewe ameshajilaumu kuliko ninavyoweza kumlaumu. Lakini alifundisha jambo hili kama linavyofundishwa mahali ambapo hakuna anayeligombania. Mombasa uchunguzi wa nakala ni hoja ya mtaani kabla ya kuwa somo la darasani. Mwanafunzi anaingia akiwa tayari na upande. Ukimpa nusu ya ushahidi saa mbili na dakika ishirini na tano usiku, ataondoka na hiyo nusu, na kesho ataulizwa mbele ya watu.

Hapa kuna historia ninayoipenda, na sasa naitumia darasani. Mwaka 1844 Tischendorf, mtaalamu Mjerumani wa nakala za kale, alipata karatasi za kwanza za Codex Sinaiticus katika monasteri ya Mtakatifu Katerina, Sinai. Mwaka huo huo mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa, akamzika mkewe Rosine hapa, na akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Kwa hiyo Maandiko yalianza kuandikwa kwa lugha yetu kabla wataalamu hawajaisoma nakala hiyo yenyewe. Wanafunzi wakiona matukio hayo mawili ubaoni wanaacha kufikiri kwamba kuna mtu aliwaficha kitu. Somo limepewa vipindi viwili kamili. Linaanza na Irenaeus, kisha Eusebius na Jerome, wanazuoni wa kanisa la kale, ambao walijua na kusema wazi katika karne ya nne na mwanzo wa ya tano kwamba nakala za Kigiriki za wakati wao zilitofautiana hapo. Picha ya ukurasa wa Sinai inakuja mwisho.

Theolojia si ngeni pwani. Shule iliyokuja kuwa St. Paul's University ilianzia Frere Town, huku kwetu Kengeleni, mwaka 1903, kabla ya kuhamishiwa Limuru mwaka 1930. Hata hivyo, siku hizi walimu na vitabu vyetu vingi hushuka kutoka bara, na mhadhiri mgeni tunamwonyesha ofisi ya fedha na choo. Hatumpeleki uwanjani jioni moja asikilize. Nilipendekeza iwe sehemu ya kumkaribisha. Wawili waliunga mkono, mmoja akauliza nani atalipa nauli.

Ushauri wangu wa kuahirisha Kigiriki ulikuwa wa huruma, na ulikuwa mbaya. Uliondoa kitu pekee kilichomleta. Kama angekuwa nacho Jumatano ile, hata kidogo, angeweza kuusoma ukurasa ukutani badala ya kuamini alichoambiwa kuuhusu. Wengi wetu tunaoshauri watu wazima tunapima mzigo kwa saa, tukidhani somo gumu ndilo la kutupwa kwanza.

Kilichofaulu, kile cha ngeli, hakikuwa wazo la mwalimu yeyote. Nasema hivyo kwa sababu kwenye ripoti ya mwaka kiliandikwa kama "ubunifu wa idara." Binti yule aliniomba nisimtaje jina hapa, lakini aliniomba pia niseme hivyo.

Kuhusu askofu bado najadiliana na nafsi yangu. Kama ningekwenda siku ya kwanza, kabla ya mhadhara, kabla ya barua, huenda K. angeingia uwanjani na Irenaeus mfukoni na askofu nyuma yake. Au huenda tungetajwa kuwa chuo kinachopeleleza makanisa. K. anaamini wazee wangemwondoa vyovyote vile. Mkewe haamini hivyo, na yeye ndiye anayewajua.

Fomu yetu ya kujiandikisha sasa ina mistari miwili mipya: nani anakulipia karo, na anatarajia urudi na nini. Muhula uliopita niliwapitia wapya mmoja mmoja. Mchungaji mmoja wa Changamwe alijaza mstari wa kwanza vizuri, jina na nambari ya simu. Wa pili aliuacha wazi, akaniuliza kama anaweza kuuchukua nyumbani akaujadili kwanza na mama mchungaji. Nilimwambia achukue.